Maswali Yenu: Mazao ya nishati yanapokutana na kiangazi

Barua za toleo hili zimetoka Masindi, Moroto, Koboko, Nakasongola, Busia na Kasese, hapa Uganda. Wanaoandika wanalima vitu tofauti, lakini swali lao ni moja: zao la kupeleka kiwandani, kwenye mtambo wa spiriti au jikoni litafanyaje mvua ikikatika, na maji machache yaliyopo yamwagwe wapi?

Kabla hujasoma majibu, shika kipimo kimoja. Milimita 1 ya maji juu ya ekari moja ni karibu lita 4,050. Ukisikia zao linahitaji milimita 40, zidisha: lita 162,000. Hesabu hii ndogo huokoa fedha nyingi, kwa sababu watu wengi hununua pampu na mipira kabla ya kuifanya.

Nalima miwa ekari nne kwa mkataba wa kiwanda. Desemba hadi Februari majani hujikunja kufikia saa nne asubuhi na miwa hudumaa. Nina pampu ya petroli ya inchi tatu, na kijito kiko mita 150 kutoka shambani. Niwashe pampu lini, na nimwagilie kiasi gani?
*Mkulima wa miwa, Masindi*

Ndugu mkulima, majani kujikunja mchana si dalili ya kukimbilia pampu. Muwa hujikunja ili kupunguza sehemu inayopigwa na jua na upepo, na mizizi ikiwa na maji chini, majani hufunguka jioni. Ingia shambani alfajiri kabla jua halijachomoza. Ukikuta majani bado yamejikunja saa kumi na mbili, mizizi imeshindwa kujaza usiku kilichopotea mchana, na hapo ndipo miwa imebanwa kweli. Chimba pia sentimita 30 kwenda chini, ushike udongo na kuukamua. Ukifanyika donge linalokaa, subiri. Ukimomonyoka mkononi, umefika wakati.

Sasa umri wa miwa, maana jibu la pampu liko hapo zaidi kuliko kwenye kalenda. Tangu kupandwa mpaka kukatwa miwa hutaka milimita 1,500 hadi 2,500 ikue bila kubanwa. Kwa miezi 18 mvua ya Masindi inaweza kufikisha jumla hiyo. Kinachoumiza ni ile miezi mitatu mikavu, na inaumiza zaidi au kidogo kulingana na miwa iko hatua gani inapoikuta.

Miezi minne ya kwanza ndiyo ya hatari. Vipando vinachipua, kisha kila shina linatoa machipukizi, na idadi ya mashina utakayovuna mwaka ujao inaamuliwa hapo. Ukame ukipiga wakati huo, machipukizi hufa na mvua ya baadaye haiyarudishi yote. Mizizi nayo bado ni mifupi, sentimita 40 au chini ya hapo.

Miwa ya miezi minane au tisa ni jambo jingine. Mizizi imekwenda mita moja na zaidi. Ukame utasimamisha kurefuka kwa shina, na utauona baadaye kwenye pingili fupi zilizobanana, lakini jani linaendelea kutengeneza sukari kwa muda hata shina likiwa limesimama. Mvua ikirudi, shina linaendelea. Unapoteza tani, ila hupotezi shamba. Na katika wiki nne hadi sita za mwisho kabla ya kukata, ukavu ni rafiki yako: muwa ulionyimwa maji huacha kukua na kujaza sukari. Kumwagilia wakati huo ni kuchoma petroli ili ushushe utamu.

Kwa hiyo katika ekari zako nne, mwagilia kwanza zile zenye miwa ya chini ya miezi minne na miwa ya kuchipua iliyokatwa karibuni. Kilicho kikubwa acha kijitegemee.

Kiasi: udongo wa tifutifu hushika karibu milimita 150 za maji yanayofaa kwa kila mita moja ya kina, na muwa unaweza kutumia kama asilimia 60 ya hayo kabla haujaumia. Miwa michanga yenye mizizi ya sentimita 40 ina akiba ya milimita 36 hivi, nayo hunywa milimita 3.5 kwa siku. Hiyo ni siku kumi. Basi mpango wako ni kama milimita 40 kila siku kumi, mpaka mvua irudi. Miwa mikubwa hunywa milimita 5.6 kwa siku, yaani karibu lita 22,700 kwa ekari kila siku. Unaona mwenyewe kwa nini hatukushauri kuibeba yote kwa pampu ya inchi tatu.

Pima pampu yako, usiamini maandishi ya kwenye boksi, maana yale ni ya pampu isiyoinua maji popote. Weka mdomo wa mpira pale shambani, chukua jerikani ya lita 20 na saa. Ikijaa kwa sekunde 4, unapata lita 5 kwa sekunde, yaani 18,000 kwa saa. Kwa mifereji ya kawaida asilimia 60 tu ya maji ndiyo hufika kwenye mizizi, hivyo milimita 40 za ekari moja zinataka lita 270,000, ambazo ni saa 15 za pampu. Pampu ya ukubwa huo hunywa kama lita 1.5 za petroli kwa saa. Jaza tangi, endesha saa moja, pima yako. Ukizidisha kwa bei ya petroli utajua kama machipukizi utakayookoa yanalipa.

Njia rahisi ya kupunguza saa hizo ni kuruka mifereji. Mwagilia mfereji wa kwanza, ruka wa pili, mwagilia wa tatu. Safari inayofuata badilisha: ile iliyorukwa ndiyo inywe. Kila mstari unapata maji upande mmoja, uso wa udongo unaotoa mvuke unapungua, na maji yanayozama chini ya mizizi yanapungua pia. Inafanya kazi vizuri kwenye tifutifu na udongo wa mfinyanzi. Kwenye kichanga usijaribu, maji hayatambai kwenda pembeni.

Na majani makavu baada ya kukata, tafadhali usiyachome. Yatandaze katikati ya mistari, sentimita 8 hadi 10, ukiacha mstari wenyewe wazi ili machipukizi yapate jua. Tandazo hilo hukata mvuke wa udongo mtupu, na miwa ya kuchipua ndiyo inayonufaika zaidi. Wapo wanaoyauza yote kama kuni za tanuri. Uza nusu kama soko lipo, lakini shamba lililovuliwa uchi Desemba litakudai Februari.

Tarehe ya kupanda ni umwagiliaji usiolipiwa. Anayepanda Oktoba anaingiza machipukizi moja kwa moja kwenye kiangazi. Anayepanda mwanzoni mwa Agosti, mvua za pili zinapoanza kukaa, anafika Desemba na miwa ya miezi minne iliyokwisha kuzaa machipukizi, na miezi 18 yake inaangukia Februari, wakati mkavu wenye sukari nzuri. Ongea na afisa wa kiwanda kuhusu ratiba hiyo mapema.

Mambo mawili kabla ya kuwasha. Pampu ya injini kwenye kijito inahitaji kibali cha kutumia maji kutoka Wizara ya Maji na Mazingira, na kanuni za mwaka 2000 zinakataza kulima ndani ya mita 30 za ukingo wa mto mdogo, mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa. La pili: ikiwa miwa yako imedumaa na ya jirani kwenye udongo uleule haijadumaa, usilaumu jua. Ipo bakteria inayodumaza miwa ya kuchipua, husambazwa na panga, na ukame huifanya ionekane wazi. Pasua shina kwenye kifundo; ukiona vidoa vyekundu-machungwa kama nukta, tafuta mbegu safi na loweka mapanga kwenye dawa ya klorini kati ya shamba na shamba. Mjeledi mweusi unaotoka kwenye ncha ya muwa ni ugonjwa mwingine, nao hupenda joto na ukavu: uvike mfuko, ng'oa shina zima, choma.

Tunasikia mtama mtamu unatoa spiriti na unastahimili ukame kuliko miwa. Je, unafaa Karamoja? Tunaweza kuchimba bwawa. Na mifugo ikila mabua yake kuna ubaya?
*Kikundi cha wakulima, Moroto*

Kwa hali ya hewa, ndiyo. Mtama humaliza kazi yake kwa siku 110 hadi 120 na milimita 450 hadi 650, chini ya nusu ya muwa. Mizizi yake huenda mita moja na nusu, majani yana nta, na ukibanwa na ukame una tabia ambayo mahindi hayana: husimama, kana kwamba umelala, kisha huendelea kukua mvua ikirudi. Mahindi yakikosa maji siku za kutoa mbelewele, mavuno yameondoka.

Lakini kusimama kuna gharama. Siku ambazo mtama mtamu haupaswi kubanwa ni kuanzia kama siku ya 30, unapoanza kutengeneza suke ndani ya shina na shina kurefuka, mpaka kuchanua, karibu siku ya 65. Shina lisiporefuka hapo hakuna pa kuweka juisi. Baada ya kuchanua ukame huumiza nafaka zaidi kuliko juisi. Anayetaka spiriti anaweza kuvumilia hilo. Anayetaka na unga wa nyumbani asivumilie.

Kule kwenu mvua huanza Aprili na mara nyingi hukatika Juni au Julai, na kwa mtama uliopandwa mwishoni mwa Aprili hizo ndizo siku zenyewe. Kabla ya bwawa, fungeni matuta. Inueni matuta ya sentimita 75 kutoka moja hadi jingine, kisha kila mita 2 au 3 wekeni kizuizi cha udongo ndani ya mfereji, chini kidogo ya kimo cha tuta, ili mvua kubwa ikija maji yafurike juu ya kizuizi na si kuvunja tuta. Mvua moja ya nguvu ambayo ingekimbilia korongoni inabaki shambani. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka, acheni vizuizi vya upande wa chini vikiwa wazi, kwa maana mtama mchanga ukisimama ndani ya maji siku kadhaa hubadilika manjano.

Bwawa lenye mdomo wa mita 20 kwa 12, kina mita 2.5 na kuta zilizolala mita moja kwenda pembeni kwa kila mita moja ya kina, lina kitako cha mita 15 kwa 7 na hushika karibu mita za ujazo 420. Jua la Karamoja huchukua milimita 6 kwa siku juu ya uso huo, yaani kama mita za ujazo 1.4 kila siku. Likijaa Mei na mkayatumia baada ya siku 40, mmepoteza 60 hivi kwa mvuke, na zaidi sana kama kitako hakikutandikwa turubai la plastiki au mfinyanzi ulioshindiliwa. Zinabaki 360. Kwa mirija ya matone hiyo ni milimita 40 mara mbili kwa ekari moja. Kwa mifereji ni mara moja na masazo. Bwawa la ukubwa huu si la ekari kumi, na mtu akiwaambia hivyo mwombeni awapigie hesabu mbele yenu.

Kabla hata ya kununua mbegu, ulizeni mtambo wa kukamua uko wapi. Juisi ya mtama mtamu huanza kuchacha mara shina linapokatwa. Inapaswa kukamuliwa ndani ya siku moja. Mashina yakisafiri siku mbili kwenye lori, mnauza maji ya siki. Kama hakuna mtambo wa karibu, pandeni mtama wa nafaka na muwaone watafiti wa kituo cha Nabuin kuhusu aina zinazofaa.

Kuhusu mifugo, hapa tunawasihi. Mtama mchanga, na hasa machipukizi yanayoota baada ya kukatwa au mvua inaporudi baada ya ukame, una sumu ya sianidi. Ng'ombe au mbuzi mwenye njaa akiingia hapo anaweza kufa kwa dakika chache: anahema kwa nguvu, anapepesuka, anaanguka, na damu yake ni nyekundu ya kung'aa. Msiwaruhusu mtama ukiwa chini ya sentimita 60 au ukiwa umenyauka. Ukianikwa mpaka ukauke kabisa, au ukivundikwa shimoni bila hewa kwa wiki tatu na zaidi, sumu hupungua sana. Mnyama akionyesha dalili mwiteni daktari wa mifugo hapohapo, dawa ipo ila haina muda wa kusubiri.

Sisi kina mama tunauza muhogo kwa mnunuzi anayetengeneza spiriti. Mwaka huu alikataa mzigo wa Aprili akisema wanga umeshuka, ingawa mihogo ilikuwa mikubwa. Je, tumwagilie?
*Kikundi cha akina mama, Koboko*

Mama zetu, hapana, msimwagilie. Shida yenu ni tarehe ya kuvuna.

Muhogo hupambana na ukame kwa kufunga matundu ya majani mapema na kupukutisha majani ya chini, hivyo maji kidogo ya udongoni hudumu miezi. Mvua za kwanza zikinyesha, mmea unavaa majani mapya, na chakula cha kuyajenga unakichota kwenye mzizi. Wanga unaliwa, maji yanaingia. Mzizi unabaki mkubwa kwa macho lakini ni mwepesi. Majani yakishakomaa tena, wanga hurudi baada ya miezi miwili au zaidi. Kwa hiyo vuneni kiangazini, kabla ya majani mapya, au subirini mpaka mmea ujijaze upya. Aprili ndiyo katikati ya pengo hilo.

Mjipime wenyewe kabla ya kuita lori. Chukueni mizizi kutoka mashina matano tofauti, menyeni, kateni vipande vyembamba, pimeni gramu 1,000, muanike mpaka uzito uache kupungua. Mkibaki na gramu 350 au zaidi, uzeni. Chini ya 300, ngojeni. Tani moja ya muhogo mbichi wenye wanga mzuri hutoa lita 150 hadi 180 za spiriti, na mnunuzi anahesabu kwa kipimo hicho, si kwa unene wa mzizi.

Mahali maji yanapolipa kwenye muhogo ni miezi mitatu ya kwanza, wakati vipando vinashika na mizizi ya kuhifadhi inaamuliwa. Pandeni mvua zikishatulia, vipando vya sentimita 20 hadi 25 vyenye macho matano hadi saba, kutoka katikati ya shina lililokomaa. Kiangazi pia huleta utitiri wa kijani na vidung'ata vyeupe kwenye ncha. Ncha iliyojikunja kama kabichi ikatwe na kuzikwa.

Na kwa chakula cha nyumbani: ukame huongeza sianidi ndani ya mzizi. Muhogo uliobaki baada ya kuuza, ikiwa ni mchungu, uloweke siku tatu au zaidi na ukauke vizuri kabla ya kusagwa. Mtambo wa spiriti hauna shida nayo, watoto wanayo.

Nilipanda mikaratusi ekari mbili ili niuze kuni na makaa. Nusu ilikufa kiangazi cha kwanza, na iliyobaki inakauka ncha. Niinyweshe?
*Msomaji, Nakasongola*

Soko la kuni za kupandwa linakua, hasa tangu amri ya Rais ya Mei 2023 iliyozuia biashara ya makaa ya kaskazini mwa nchi, kwa hiyo ni vema usikate tamaa. Lakini kwanza uliza ulipanda aina gani. Mkaratusi wa *grandis* unataka mvua nyingi na udongo wenye kina. Kwa ardhi yenu ya kichanga yenye mawe chini, chotara za GC, yaani *grandis* iliyochanganywa na *camaldulensis*, huvumilia zaidi. Ukijaza mapengo, jaza na hizo, kutoka kitalu kinachoweza kukuonyesha chanzo cha mche.

Ng'oa miche mitatu iliyokufa utazame mizizi. Ikiwa imejizungusha kama kamba, mche ulikaa sana kwenye kiriba na haukuweza kushuka chini kutafuta maji. Siku nyingine kata sentimita 1 hadi 2 za chini ya kiriba kabla ya kupanda, au ukatae mche huo. Ikiwa gome limeguguniwa usawa wa ardhi, ni mchwa, na mchwa hupenda mti uliokwisha dhoofika kwa kiu. Ikiwa mizizi ni mizima na nyasi zilikuwa kiunoni, basi nyasi ndizo zilizokunywa maji. Duara la mita moja kuzunguka kila mche lisiwe na hata jani moja la nyasi kwa mwaka wa kwanza mzima. Hii ndiyo dawa ya ukame yenye bei ndogo kuliko zote tunazozijua.

Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 una miti 450 kwa ekari. Lita 5 kwa kila mti ni lita 2,250 kila mzunguko. Kama una punda na jerikani, inawezekana kufanya mizunguko mitatu au minne kiangazi cha kwanza. Baada ya hapo mti ujitafutie.

Ncha kukauka huku majani ya chini ni mazima mara nyingi ni upungufu wa boroni, kwa sababu mti haufyonzi boroni vizuri kwenye udongo mkavu. Mvua zikianza, gramu 10 za boraksi kwa mti, zikisambazwa kwenye duara sentimita 30 kutoka shina. Usizidishe, boroni nyingi ni sumu kwa mti uleule. Wala usipande karibu na kisima au chemchemi. Mkaratusi mkubwa hunywa sana, na majirani wana haki ya kulalamika.

Mbono kaburi (jatropha) ulitangazwa zamani kuwa dizeli ya jangwani. Bado inafaa?
*Msomaji, Busia*

Kwa uzio na kwa kushikilia vanila, ndiyo, kama wanavyofanya wakulima wengi wa Buganda na mti huo wanaouita kiroowa. Kwa mafuta, hatushauri. Mbono kaburi huishi mahali pakavu kwa kupukutisha majani na kutulia, na mti uliotulia hauzai. Kupata mbegu za kutosha unahitaji mvua na mbolea kama ya zao la kawaida, na ukiwa na hivyo alizeti itakulipa mapema. Mashudu yake yana sumu, usiyape mifugo kamwe. Yanafaa kwa mbolea tu.

Nina kitalu cha mbegu za miwa nusu ekari chenye mirija ya matone. Msimu wa pili sehemu moja ya shamba imekauka na nyingine ina matope. Maji natoa kwenye mfereji wa mto.
*Mkulima, Kasese*

Uliweka matone mahali panapostahili: kitalu ni kidogo na kila shina litazaa vipando vya ekari nyingine. Mistari ikiwa mita 1.4 na tundu kila sentimita 30 likitoa lita 1.6 kwa saa, nusu ekari hutumia karibu lita 7,700 kwa saa, sawa na milimita 3.8. Miwa mikubwa hapo itashiba kwa saa moja na dakika 40 kwa siku. Unachoona sasa ni kuziba, na mito inayoshuka kutoka Rwenzori hubeba tope laini linalopenya vichujio vibovu.

Pima kwanza. Weka vikombe 20 chini ya matundu 20: mwanzo, katikati na mwisho wa mirija, na sehemu zote za shamba. Fungulia dakika 10, pima kila kikombe. Chukua wastani wa vikombe vitano vyenye maji machache zaidi, gawanya kwa wastani wa vyote ishirini. Ukipata asilimia 85 au zaidi, mfumo ni mzima na tatizo ni udongo. Chini ya 70, umeziba au presha haitoshi.

Kagua presha kwa kuangalia mahali vikombe vikavu vilipo. Vikiwa vyote mwishoni mwa mirija, mirija ni mirefu mno au tangi liko chini mno: tangi la mita moja juu ya ardhi hutoa sehemu moja tu ya kumi ya presha ya mita kumi, na mrija wake usizidi mita 20 hivi, ukitandikwa kufuata kimo cha ardhi na si kuteremka. Vikiwa vimetapakaa ovyo, ni uchafu.

Kata tundu moja lililoziba uangalie ndani. Tope la kahawia: fungua ncha za mirija miwili mitatu kwa wakati mmoja, si yote, ili maji yapite kwa kasi, mpaka yatoke safi. Fanya hivyo kila wiki mbili, weka tangi la kutulizia maji kabla ya pampu, na kichujio cha diski cha mikroni 130 baada yake. Kioshe presha inapoanza kushuka. Utelezi wa kijani au wa rangi ya kutu: ni mwani au bakteria. Funika tangi lisipate jua, kisha tia klorini, mililita 200 za dawa ya asilimia 5 kwa kila lita 1,000 za maji, jaza mirija, ziache saa moja, suuza. Ukoko mweupe mgumu ni chokaa, na huo huyeyushwa kwa asidi dhaifu. Siku ya asidi na siku ya klorini ziwe tofauti, na mirija isuuzwe kwa maji mengi kati yake: vikikutana hutoa gesi inayoua.